Ukoko wa Mjomba Bulaimu

Kasongo, tarehe 14 mwezi wa saba, 1956

Kaka yangu mpenzi Célestin,

Pokea salamu zangu, wewe na wifi Véronique na watoto wote. Natumaini kikohozi chako kimepungua, ingawa najua vumbi la kiangazi huko Kabambare, na natumaini yule mbuzi wa pembe moja ameacha kula muhogo wa jirani. Mimi ni mzima. Utashangaa kuona jina la Kasongo juu ya karatasi hii, kwa sababu nilikuandikia kwamba nahamia Bukavu na Madame na Bwana. Sikufika Bukavu. Kaa chini kwanza, kaka, kisha usome polepole.

Tuliondoka Kindu kwa ndege Jumatano asubuhi. Nilimpakata mtoto wa Madame, nikafumba macho mpaka tulipotua hapa. Ndege ilikuwa ipumzike kidogo tu. Lakini rubani aliingia chini yake, akatoka na mikono myeusi ya mafuta, akasema hatuondoki kabla ya saa tisa. Wakati huo ilikuwa saa nne. Wazungu waliwekewa viti chini ya banda la mabati, mimi nikaonyeshwa masanduku ili niyakalie. Bwana hakutaka kukaa. Alisema si vizuri mtu kupita Kasongo bila kuona historia yake, akapata gari la kumpeleka kwenye makaburi ya askari wazungu waliokufa zamani, katika vita na Waarabu.

Niliposikia hivyo nikawaza: saa tano nzima, na mji alikozaliwa mama uko pale nyuma ya michikichi. Unakumbuka alivyotueleza. Upite msikiti, upite kisima, nyumba ya tatu, yenye mlango uliogeukia nyuma kwa sababu babu hakupenda vumbi la barabara. Alitueleza hayo akipepeta mchele, au akikwangua ule ukoko wa wali aliotukataza kuugusa. Kila alipopika wali aliuweka juu ya kifuniko mpaka jioni, akisema una mwenyewe. Sisi tulidhani ni wa mizimu, na wewe ulichapwa mara mbili kwa kuudokoa.

Nikamwomba Madame ruhusa, nikamwambia mimi pia nina marehemu wangu Kasongo. Alijibu kwamba mama yangu alizikwa Kabambare, kwamba karatasi yangu ya safari inasema Bukavu, na kwamba nikivuka kamba ya uwanja nisirudi. Nilisema ndiyo, Madame. Nikamfunga mtoto kofia yake vizuri, maana jua lilikuwa kali, nikampa mama yake mikononi, nikavuka kamba.

Nyumba ipo, kaka. Mlango umegeukia nyuma kweli. Mjomba Bulaimu alikuwa uani akisuka mkeka, mzee mwembamba mwenye masikio ya mama, yale yaliyosimama kama yanangoja habari. Nilikaa chini, kwa sababu habari ya kifo haisemwi mtu akiwa wima, nikamweleza kwamba mimi ni Julienne, mtoto wa dada yake Mwanvua, na kwamba Mwanvua alikufa mwaka jana mwezi wa kumi, baada ya kuugua miezi minne. Hakuinua macho kwenye mkeka wake. Alisema hana dada wa jina hilo. Aliyekuwa naye alikwenda kubatizwa ili aolewe na mtu wa misioni, na tangu siku ile hakuna aliyetaja jina lake ndani ya ua huu. Kisha akaniambia, bila ukali wowote: “Umepotea nyumba, mutoto. Watu wa musalaba iko kule juu.”

Ningeweza kuondoka. Muda wa kurudi ulikuwepo. Lakini nilikumbuka siku moja nikiwa mdogo, nilipolia kwa jino mbele ya nyumba ya jirani, mama akanishika mdomo kwa hofu. Aliniambia kwao kilio cha msiba hakiachwi mlangoni pa mtu bila jina la marehemu. Nyumba isipomtaja wa kwake, kifo hurudi kujichagulia.

Basi nikavua kitambaa cha kichwa, nikakaa kizingitini pa mjomba, nikalia kilio cha msiba. Sitakuficha, mwanzoni nililia kwa ukaidi tu. Kisha nikaona kizingiti kimelika katikati kwa miguu ya watu, nikafikiri kwamba miguu ya mama pia imo humo, nikalia kweli.

Wanawake walikuja na mikeka kabla hata ya kuuliza. Wa kwanza alikuwa Mama Heri, bibi kizee wa nyumba ya kisima. Mjomba alisimama akawaambia warudi makwao, hapa hakuna msiba. Mama Heri alikwishakaa. Akamwambia: “Bulaimu, hakuna mutu alikufa? Basi huyu analilia kuku yako?” Wengine wakacheka ndani ya machozi. Akaendelea: “Taja jina, baba, kabla kifo hakijachagua. Kikichagua kitaanza na miye, na miye sijavuna mupunga wangu.”

Mjomba alishika nguzo ya baraza. Kisha akasema Mwanvua. Alilisema kwa sauti ndogo, kama mtu anayejaribu ufunguo wa zamani. Wanawake wakalipokea jina, wakalilia, na baraza likajaa watu.

Lakini hakuishia hapo. Alinigeukia mbele ya wote, akauliza kwa nini dada yake alale mgonjwa miezi minne bila mtu kumwita. Alisema hata kwa kutambaa angefika Kabambare. Wote wakaniangalia mimi.

Kaka, nilikuambia kwamba mama aliponipa barua ya kumwita mjomba, nilipita nayo Kasongo nikirudi kazini, nikamkabidhi mkononi, naye akaipokea bila neno. Ulimchukia kwa ajili hiyo, na ulimlaani siku ya mazishi. Haikuwa kweli. Kamyo niliyopanda ilisimama Kasongo, dereva akala, mimi sikushuka. Nilisema moyoni mwangu kwamba mama yetu hataomba kwa watu waliomfukuza. Mama alingoja mguu wa kaka yake mpaka mwisho, na mimi, niliporudi kumuuguza, niliketi pembeni ya kitanda nikimwambia barabara ni mbaya. Barua imekaa tangu wakati ule ndani ya kitabu changu cha sala.

Niliitoa pale barazani, nikasema mbele ya watu wote kwamba kosa ni langu. Mjomba aliichukua, akaigeuza, akanirudishia, kwani yeye anasoma herufi za Kiarabu tu. Nikamsomea mimi, maneno yale yale ambayo mama aliniandikisha: “Kaka Bulaimu, niko mgonjwa, njoo. Sikuombi msamaha, kwa sababu niliolewa vizuri. Lakini ukoko wako bado ninauweka.”

Nilikuwa sijamaliza niliposikia ndege ikipita juu yetu. Sikuinua kichwa. Mjomba alikuwa amejifunika uso kwa kofia yake.

Kabla ya jioni polisi alikuja kumtafuta yaya aliyetoroka bila karatasi. Nilitaka kusimama. Mjomba alinibonyeza bega, akamjibu yeye: “Huyu iko mutoto wa dada yangu Mwanvua. Iko kwa kilio ya mama yake. Nani anaombaka karatasi kwa kilio?” Polisi alivua kofia, akapewa mahali pa kukaa, akala. Ila amesema nifike ofisini Jumatatu. Nitafika, na mjomba anasema tutakwenda wawili. Kazi imekwisha na nguo zangu zimekwenda Bukavu. Sijutii. Ninachojutia nimekwisha kukuandikia, na ukinikasirikia ni haki yako.

Mjomba ameamua arobaini ihesabiwe tangu Jumatano, siku nyumba hii ilipomtaja. Njoo, Célestin. Nisalimie Baba Gaston wa misioni na majirani wote waliotuchotea maji siku za msiba. Unipitie kaburini, umwambie mama kwamba barua imefika.

Wali wa kilio ulipoiva, mjomba aliwazuia wanawake, akakwangua sufuria mwenyewe. Ukoko aliukata vipande viwili. Kimoja alinipa, nikala mbele yake. Cha pili amekiweka juu ya kifuniko, na hakuna anayeruhusiwa kukigusa. Amesema ni chako.

Ni mimi mdogo wako,
Julienne, wa Mwanvua