Siku Kumi na Nne Kabla ya Kumbeba Mjukuu

Jumatatu, 3 Machi
Wamefika! Kijana wangu, mkamwana, na mjukuu wangu wa kwanza — wiki tatu duniani, ngumi kazikunja kama anadai haki yake. Nikanyoosha mikono. Mkamwana akarudi nyuma hatua moja. Kwa adabu, lakini akarudi. Akauliza kama nimechanjwa, ya mafua na ile ya nimonia. Mimi! Nimelinda mageti miaka thelathini na minne, mvua, baridi, mbu, sijalazwa hata siku moja. Ng'ombe hazeeki maini, nikamwambia.
"Samahani, Baba. Bila chanjo, hapana."
Kijana wangu akatazama dari kana kwamba imeandikwa kitu. Mama watoto akanipita, akambeba. Kumbe alichanjwa tangu mwaka jana, akakaa kimya! Miaka arobaini ya ndoa!

Jumanne, 4 Machi
Nimenuna. Hakuna tukio jingine.

Alhamisi, 6 Machi
Kliniki. Daktari mwenyewe kijana, miwani tu ndiyo mizee. Nikamtajia maini ya ng'ombe. Akasema maini hana wasiwasi nayo, shida ni kinga. Aliposikia kazi niliyofanya, akaidaka hapo hapo. Mwilini mna walinzi, kasema. Wengine hufunzwa kwenye kambi iliyo nyuma ya mfupa wa kifua, na kambi hiyo huanza kusinyaa tangu ujana. Ukifika sabini na mbili kama mimi, makuruta wapya ni wa kuhesabu. Waliobaki ni wakongwe. Mwizi wa zamani wanamjua hata kwa mgongo, ila akija mwizi mgeni wanakawia kumshtukia. Tena wapo wanaopiga filimbi kutwa bila mwizi, wanamchosha mwenye nyumba.
Nikamwambia maneno hayo hayo aliyasema meneja siku ananistaafisha, na yeye pia nilimwona hana adabu. Akacheka. Akanichoma, mkono huu na huu. Sikulia. Niliguna.
Nikarudi nyumbani mikono mbele. Mkamwana: "Wiki mbili, Baba, ndipo chanjo ishike." Wiki mbili! Mlinzi akipewa sare asubuhi, asubuhi hiyo hiyo yuko getini! Nikampigia daktari anitetee. Akamtetea mkamwana. Akaongeza kwamba hata wiki zikiisha nisijione chuma, kinga ya mzee haishiki sana kama ya kijana. Lakini afadhali hiyo kuliko mikono mitupu.
Basi, Alhamisi ya tarehe ishirini. Nimeizungushia duara kwenye kalenda.

Jumapili, 9 Machi
Kama simbebi, nitamlinda. Nimeweka kiti mlangoni pa chumba cha mtoto. Kila mgeni ananawa, anapimwa joto, anaandika jina na saa ya kuingia. Fundi cherehani wa jirani alikuja na sweta ndogo ya manjano. Akapiga chafya moja. Nikamrudisha! Eti ni vumbi la vitambaa. Vumbi lake na sweta yake vikaishia dirishani. Mkamwana alicheka mpaka akaegemea ukuta, akaniita Afande. Nimefurahi kuliko ninavyoonyesha.

Ijumaa, 14 Machi
Uchovu kidogo. Kikohozi kidogo. Chakula sikumaliza, nikampa lawama mpishi, yaani mama watoto, na mpishi akanijibu. Nimejipima: 36.6. Hali shwari. Mama watoto hakuridhika, nikapima tena: 36.5. Akasema labda kipimo kibovu. Nikakitumbukiza kwenye chai, kikapanda mpaka kikagoma. Kipimo kizima, basi na mimi mzima. Nimerudi kwenye lindo.

Jumapili, 16 Machi
Naandika ninayosimuliwa, maana mimi sikumbuki. Eti mama watoto alipofika mlangoni nilimtaka aandike jina. Nikamuuliza ametoka wapi na anamtaka nani. Akadhani namtania. Nikamuuliza tena. Hakucheka. Akanivalisha viatu mwenyewe, tukaenda kliniki.

Jumatatu, 17 Machi
Nimonia. Bila homa!
Daktari kasema mzee asingoje homa. Walinzi wangu mwizi wamemwona, ila kengele hawakupiga. Kwa umri huu dalili huweza kuwa ndiyo hizo: chakula kinakataa, akili inapotea njia. Dawa siku saba, barakoa, chumba cha nyuma.
"Kikulacho ki nguoni mwako," kasema mama watoto, akinifunika shuka. Wiki nzima nafukuza chafya za watu, kumbe mwizi nimempa kiti mlangoni.
Mtoto amepimwa. Kifua safi, lakini tumeambiwa tumwangalie anavyonyonya na anavyopumua. Niliogopa. Miaka yote ya kazi sijaogopa vile. Mkamwana hakufoka. Afadhali angefoka.

Jumatano, 19 Machi
Saa nne asubuhi. Mtoto ananyonya vizuri, mpaka sasa. Kesho ingekuwa siku yenyewe. Duara nimelifuta kwa kidole, limebaki doa.
Kijana wangu yuko kazini. Mama watoto kaenda duka la dawa. Mkamwana hajaoga tangu juzi, nikamwambia kaoge, mwanangu, mimi niko koridoni, sivuki kizingiti. Maji yalipofunguliwa tu — yowe! Mlango uko wazi nusu. Namwona guu moja, dogo, linapiga teke hewa. Nikapiga hatua. Mikono ilishatangulia. Nikairudisha, nikakaa sakafuni, barakoa juu, dirisha wazi.
Nikaanza kumsemesha. Kanyamaza! Nikinyamaza mimi, analia. Nimemwambia hali ya hewa, bei ya betri za tochi, tabia za mameneja wote. Maneno yameniishia. Sasa nachukua daftari hili, naandika na kusoma kwa sauti papo hapo, kila neno. Mjukuu wangu, siri zangu zote hizo, usimwambie bibi yako.
Mkamwana anaimba bafuni. Mwache aimbe.
Koo linawasha. Nikikohoa atashtuka. Nikinyamaza atalia. Nikiingia — siingii. Unasikia? Babu anasema haingii, na anataka kuingia kuliko kitu chochote. Guu limetulia. Vizuri. Koo linawasha. Haya, geti la kwanza nililolinda lilikuwa la bluu, bawaba moja mbovu, na siku hiyo mimi nilikuwa nime—