Kichupa cha Dawa ya Kikohozi

Mama Watoto,

Maharage yameiva, bado kuungwa tu. Gesi nimefunga. Mdogo yuko kwa shangazi yake, umfuate jioni.

Dada yake amejifungia chumbani, bado kavaa sare. Usimgombeze tena. ~~Nitakueleza nikirudi.~~ Hapana, nikirudi nitakosa ujasiri.

Asubuhi mwalimu mkuu alipopiga simu kwamba vipimo vimeonyesha pombe na mtoto asirudi shuleni, ulimwambia wewe hukuzaa mlevi. Mimi nilikuwa nimesimama pale pale, nakoroga chai.

Siku ile ya kupimwa aliniapia, "Baba, sijawahi kugusa kitu." Sikumwamini, kwa sababu ya wale rafiki zake. Nikatia mkojo wangu kwenye kichupa cha dawa ya kikohozi, nikamlazimisha aufiche kwenye soksi, akautoe chooni badala ya wake. Alilia, akaupeleka. Nilidhani wanatafuta bangi tu. Wanasema akili ni nywele. Ndiyo maana mimi nina upara.

Ile pombe niliyokuapia nimeiacha, sijaiacha.

Naenda shuleni kusema ukweli. Sidhani wataniamini, watasema ni mzazi anayejitwisha kosa la mwanawe. Hata wewe sijui kama utaniamini.

Ulipokuwa unamfokea alinitazama mara moja tu, kisha akainamisha kichwa. Ulipoondoka kwenda kazini akanisogelea, akaninong'oneza, "Baba, usimwambie Mama."

Baba yao