Kwa Mwalimu Pumua, Uliyetuachia Darasa Lililopinda

Mwaka umetimia, mume wangu, tangu ulale usiamke, na mimi bado nina maneno na wewe. Wengine watasema ulikuwa mpole. Sawa, ulikuwa mpole. Upole wako huo ndio ulionichosha.

Bomba likipasuka, "pumua kwanza." Watoto wakigombana, pumua kwanza. Mji mzima ukakuita Mwalimu Pumua, nawe ukachekelea kama mtu aliyepewa cheo. Aliyekuwa akihangaika na bomba ni mimi.

Ulianza kwa kubeba mizigo ya wapanda mlima. Ulipoteleza ukavunjika nyonga, daktari akasema hata ngazi hutapanda tena. Mtaalamu wa mazoezi pale hospitali akakufundisha yoga ukiwa kitandani, ukainuka nayo, ukaenda kuisomea, ukarudi na mikeka badala ya akiba. Nilinuna wiki nzima. Ukakodi chumba juu ya duka la mbao, na kwa baridi yote ile ukawa unafungua madirisha, eti hewa ya mlima ni ya bure.

Na ufundishaji wako huo! Maneno hutaki. "Nitazameni mimi," basi. Wakakutazama. Muuza nyama, mshonaji, wachukuzi wenzako wa zamani, wote wakajifunza kusimama kama wewe, mpaka na ile nyonga mbovu wakaiiga. Darasa zima likaegemea kushoto. Uliona, ukanyamaza, kwa sababu hukupenda kumwaibisha mtu.

Ulipoondoka, kazi ya kuwarekebisha ikamwangukia binti yetu. Yeye amesomea tiba ya viungo, akaanza kuwanyoosha. Muuza nyama akakasirika, akasema Mwalimu hakufundisha hivyo, akaondoka. Wenzake wakamfuata mmoja mmoja. Mtoto akabaki na chumba kitupu, akaniambia mwisho wa mwezi anarudisha ufunguo.

Basi mimi, niliyekukatalia miaka yote hiyo nikikuambia nina kazi za maana, nikapanda zile ngazi. Si kwa ajili yako, usijisifu. Nilikwenda ili mtoto asiwe peke yake.

Nikasimama kwenye mkeka. Akanizunguka, akasema, "Mama, na wewe umepinda. Ila wewe ni kulia."

Sikuwa na haja ya kuuliza kwa nini. Bega langu la kulia ndilo ulilokuwa ukiliegemea tukishuka mteremko wa sokoni, tangu siku ulipotoka hospitali.

Muuza nyama alikuwa mlangoni, amekuja kuchukua mkeka wake. Alisikia yote. Nilitamani nibaki vilevile, maana hicho ndicho ulichoniachia mwilini.

"Ninyooshe," nikamwambia binti yako.

Akaninyoosha. Nililia, na sikujali nani ananiona. Muuza nyama aliutandika mkeka wake nyuma yangu, akasimama, akasubiri zamu yake. Kesho yake alikuja na mshonaji.

Darasa lipo, kila asubuhi, na madirisha sasa tunayafunga.

Unakumbukwa na mimi mkeo; binti yako mwalimu; mwanao fundi magari, ambaye habari za mikeka hataki hata kuzisikia; dada yako, anayekulilia mpaka leo; wakwe zako, wajukuu, na wanafunzi wako wote, waliorudi na wanaoendelea kununa.

Hatutakusahau, Mwalimu, hata tukinyooka.