Bangili Ambayo Hukuirudisha Motoni

Baba Zuhura, mume wangu,

Jana wamenivua bangili yako. Nimelia kuliko siku tuliyokuzika, na hapa Masanze kwenu hakuna wa kumweleza ila wewe.

Unakikumbuka kibanda chetu cha Mikumi, kando ya barabara ya malori? Uliyeyusha koki chakavu za shaba njano, ukatoa bangili ambazo akina mama wa Kimaasai walizigombania. Mimi navuta mivukuto kuchochea moto, wewe unagonga. Shaba ikianza kugoma chini ya nyundo, unairudisha motoni mpaka iwe nyekundu kwa mbali, inalainika, unaendelea. "Shaba haitaki ubabe, mke wangu," ulisema. "Ukiilazimisha ikiwa ngumu, inakatika."

Yangu tu uliibana mkononi mwangu imeshapoa ila ingali laini, kisha ukaigongagonga hapo hapo kwenye fuawe mpaka ikakakamaa. Nikakuuliza, sasa itavuliwaje? Ukacheka. "Za wateja ndizo zinavuliwa." Majivuno yako hayo! Nilikupenda nayo.

Ule moshi mweupe wa kuyeyusha sitausamehe. Jioni ulitetemeka kwa homa, ukanywa maziwa waliyokuletea wateja, asubuhi ukaamka mzima. Ukaamini maziwa yanaosha kifua. Nami niliamini, nikayachemsha kwa mikono yangu. Kumbe homa ilikuwa inaondoka yenyewe, moshi unabaki. Mwishoni ulikuwa unahema kutoka kitandani hadi mlangoni.

Jana dada yako akaniambia, "Wifi, uko eda. Pambo halikai mkononi." Nikamwambia haifunguki, na motoni haiwezi kwenda na mkono wangu ndani. Akaagiza koleo. Alivuta kwa nguvu zake zote, ikakatika vipande viwili, kama ulivyosema. Naye alilia, masikini. Simlaumu, sheria ni sheria.

Binti yetu Zuhura anasema eda ikiisha tuvipeleke kwa fundi, aviyeyushe, anitengenezee nyingine. Nimekataa, tena kwa ukali. Sitaki kifua cha mtu mwingine kivute moshi ule kwa ajili yangu. Vipande nimevifunga kwenye kanga yangu ya zamani.

Mkononi imebaki alama ya kijani, pale bangili ilipokuwa. Ndiyo pekee ninayotembea nayo. Nisali vipi bila kutawadha, Baba Zuhura? Na kila nikitawadha, inafifia.

Lala. Huku hakuna tena moto wa kukuwashia.

Mkeo,
Mama Zuhura