Fundi Hupanda Kwanza

Kasulu, 14 Aprili 2013

Mwakeye baba, kwa salamu ya kwetu,

Shikamoo. Mimi sijambo, ila mafua ya vumbi la huku kambini Mtabila. Mgongo wako umetulia? Na masikio je? Nakuandikia barua kwa sababu juzi kwenye simu nilipiga kelele mpaka walinzi wakaja kuniangalia, nawe ukanijibu habari za maharage.

Tunakwenda Kongo kulinda amani. Mimi nitakuwa karakana. Wiki hii tunapanga vipuri kwenye makasha, maana huko hakuna duka, na kitakachosahaulika hapa kitasubiriwa miezi. Nimepewa kazi ya kukadiria pedi za breki za malori. Nikaangalia magari yetu yalitumia ngapi mwaka jana hapa nchini, nikaandika hivyo hivyo, mkubwa akasaini.

Nipo na Sylvesta, yule wa mama Immakulata wa Kumsenga niliyesoma naye. Ni dereva wa lori la maji. Anakusalimu, na anasema ile baiskeli yake iliyokufa breki, aliyoiacha karakanani kwako, usimpe mtu, akirudi ataichukua.

Mwanao,
Nathaniel


Mabamba, 29 Aprili 2013

Mwanangu Nathaniel,

Marahaba. Mgongo ni ule ule, masikio yamekwisha staafu. Maharage yametoka vizuri, narudia kwa kuwa inaonekana hukusikia.

Lile la breki limeninyima raha. Mwaka jana magari yenu yalitembea wapi? Tambarare. Sasa sikiliza. Manirambona anayeshusha ndizi kutoka milimani ananunua raba za breki kwangu kila wiki mbili. Mwalimu Benedicto wa hapa shuleni, raba zake zina mwaka wa tatu. Baiskeli aina moja, fundi mmoja. Usiulize makaratasi, muulize anayeshuka mlima. Ongeza mara tano, na wakikucheka waache wacheke.

Na usisahau sheria ya karakana yetu: fundi hupanda kwanza. Ulichokitengeneza, wewe ndiye wa kwanza kushuka nacho mteremko. Kovu la kidevuni kwangu unalijua limetoka wapi, lakini sijawahi kumzika mteja.

Baba yako,
Venanti


Kongo, 2 Septemba 2013

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, nimekonda kidogo tu. Barua yako imenifikia jana. Ilipofika Kasulu makasha yalikuwa yamefungwa na sisi tumeshaondoka.

Ulisema kweli. Pedi nilizokadiria za mwaka mzima zimekwisha kwa wiki tisa. Huku ni tope, mawe, kupanda na kushuka. Tumeomba nyingine, ndege ikaja na matairi. Sasa tunavua gari moja ili tuvalishe jingine, na malori matatu yamebaki mifupa mitupu.

Lakini sheria yako naishika. Hakuna gari linalotoka karakana sijalishusha mlima mwenyewe. Sylvesta ananicheka, eti nimekuwa bibi harusi, kila gari lazima nipande mbele.

Mwanao,
Nathaniel


Kongo, 20 Novemba 2013

Baba,

Shikamoo. Hali yako leo siwezi kuiuliza vizuri, unisamehe.

Sylvesta amefariki. Lori la maji limemshinda kwenye mteremko. Nilikuwa nimelifunga pedi zilizokwisha tumika, nilizozitoa kwenye yale mabovu, kwa sababu wenzetu kule juu walikuwa siku ya pili hawana maji. Nilikesha nalo. Nilipomaliza, Sylvesta akaniambia, "Nenda kale kwanza, ndugu yangu. Hili nitalijaribu mimi." Sikuwa nimekula tangu jana yake. Nikaenda. Niliposikia watu wanakimbia, sahani ilikuwa bado mkononi.

Imeandikwa ajali, barabara mbovu. Hakuna aliyeniuliza kitu. Baba, sikupanda.

Nathaniel


Mabamba, 8 Desemba 2013

Mwanangu,

Tumemzika Kumsenga. Watu walikuwa wengi. Mama Immakulata alinishika mkono akasema anamshukuru Mungu kwamba mwanawe hakufa ugenini peke yake, alikuwa na wewe. Barua yako, iliyoletwa na askari waliomsindikiza, ilikuwa mfukoni mwangu. Sikuitoa.

Nami nimo katika kosa hili. Barua ile ya breki ningempa dereva wa basi siku ile ile, lakini nilingoja Athuman, anayekwenda Kasulu, apite na pikipiki yake. Siku kumi ilikaa dirishani. Niandikie, hata mstari mmoja.

Baba yako


Mabamba, 17 Agosti 2014

Mwanangu,

Habari za siku nyingi. Hii ni barua ya nne, zile tatu hukujibu. Athuman ameniambia mmerudi Kasulu tangu Juni. Kutoka Kasulu kuja hapa si Ulaya, Nathaniel. Nimeelewa kwamba mtu unayemkwepa si mimi.

Jana mama Immakulata alikuja kuiulizia baiskeli ya mwanawe. Nikamwambia bado. Raba mpya nimeziweka mezani karibu miezi tisa sasa na sitazifunga mimi. Njoo uzifunge kwa mkono wako, kisha uipande mwenyewe mpaka Kumsenga, mteremko wote ule, ukamweleze yule mama. Akikufukuza, rudi kwangu. Mlango huu haufungwi kwa ajili yako.

Ninakupenda na nimezeeka. Usininyime vyote viwili, jibu na sura yako.

Baba yako,
Venanti


Mabamba, 31 Agosti 2014

Baba,

Shikamoo. Nimekuta bado hujatoka kanisani. Barua hii naiacha mezani pale raba zilipokuwa, kwa sababu mambo haya siwezi kuyapigia kelele masikioni mwako majirani wakasikia. Niko nyuma ya nyumba, nakungoja.

Jana nilikuja ukiwa shambani. Nikazifunga, nikapanda. Zilishika vizuri mteremko wote. Mama Immakulata alikuwa anaanika mihogo. Nilimweleza kila kitu: hesabu yangu mbovu, pedi za zamani, na kwamba ile safari ya kulijaribu lori ilikuwa yangu. Hakulia. Aliendelea kugeuza mihogo yake. Kisha akaniuliza kitu kimoja tu.

"Alikuwa amekula?"

Nikamwambia, "Hapana, mama. Mimi ndiye niliyekuwa nakula."

Akaingia ndani. Nilidhani ndiyo basi, nikainuka niondoke. Akatoka na ugali na maharage, akaniwekea mbele yangu, akavuta kigoda akakaa ananitazama. Tonge la kwanza nikalishika tu mkononi. Akasema, kula.

Sijui kama amenisamehe, baba. Sikuthubutu kumuuliza. Nilikula chote.

Mwanao,
Nathaniel