Vitonge vya Watachoka

Jumatatu, tarehe 3 mwezi wa sita
Nimepika vitonge vya mbwa. Boga la kuchemsha, maini ya kuponda, unga wa mahindi kidogo, mchuzi wa mifupa. Chumvi hapana. Kitunguu hapana, hata kiwe kile kizuri cha mashamba ya Baray, mbwa kinamdhuru. Nimevipika kwa mvuke mpaka vikalainika. Mbwa wangu hana meno tena. Jicho moja limeingia ukungu. Majirani wanacheka tangu akiwa mdogo, eti bibi anampikia mbwa. Ndiyo maana nilimwita Watachoka. Wacheke mpaka wachoke.
Nikaweka kitonge chini. Akalala mbele yake, udenda unamtoka, anasubiri. Nikasema haya. Akala. Humu ndani hagusi mtu chakula kabla sijasema haya. Wanangu wote nimewalea hivyo. Mbwa ni nani?

Jumatano, tarehe 5
Fisi ametoka msituni, kamla ndama wa Baba Paulina, jirani yangu wa juu. Watachoka amebweka hadi sauti ikakauka. Nilijifungia ndani natetemeka. Naandika ukweli, nilitetemeka.
Asubuhi Baba Paulina kaja. Shikamoo bibi, hivi vitonge vyako mbwa wa kijiji kizima wanavifuata, unapikaje? Kichwa kikanivimba. Nikamwonyesha kila kitu, nikampa na bakuli zima. Nilijua ni vya mbwa wake.

Ijumaa, tarehe 7
Mama Paulina kaniambia pale bombani, tena anacheka. Mumewe ametia sumu kwenye vitonge vyangu. Kamtegea fisi kando ya msitu.
Ndoo niliiacha palepale. Nikapanda kwake.
Nikamwambia, we mjinga, fisi ana pua na mbwa hana?
Akasema, wangu nimemfunga bibi, na wewe funga wako. Ndama wangu nani atanirudishia?
Nilisimama mlangoni kwake mpaka akaenda kuviokota. Karudi na vichache. Vingine hakumbuki alipoviweka, ukungu ulikuwa mzito. Mtu mzima, anatega sumu, hakumbuki!
Nimemfunga Watachoka kwa kamba ya ng'ombe. Haoni vizuri, anakwenda kwa pua. Na harufu ile anaijua, ni ya mkono wangu. Naogopa.

Jumamosi, tarehe 8
Kamba ipo. Mbwa hayupo. Shingo imekonda, kajichomoa. Ukungu tena. Naenda.

Jumamosi, jioni
Nilimpitia Baba Paulina. Nikamwambia vaa viatu, leo utanitafutia mbwa wangu, akiwa mzima au maiti. Alikuja bila neno. Tulifuata ukingo wa msitu, nachungulia kila kichaka. Kila jiwe jeusi nikaliona ni yeye amelala.
Tulimkuta chini ya mti. Amelala kweli, miguu ya mbele ameinyoosha. Halafu nikaona mkia unatikisika.
Kitonge kilikuwa mbele ya pua yake. Kizima. Udenda umelowesha majani. Anasubiri.
Baba Paulina akafurahi, akafungua mdomo. Nilimziba kwa kiganja, kwa nguvu, nusura aanguke. Maana nilijua atakachosema. Ndilo neno letu sote hapa. Haya bibi, tumempata. Haya twende. Mimi mwenyewe nalisema mara ngapi kwa siku! Likinitoka tu, kitonge amekila.
Nikakaza meno. Nikapiga magoti, nikatambaa. Mimi ninayemgombeza hadi kuku, leo kimya. Mbwa kanitazama kwa jicho lake moja, anaomba. Nikafunika kitonge kwa khanga, nikakivuta. Akalia kidogo. Na mimi nikalia.
Khanga nimeichoma moto. Ilikuwa nzuri.

Jumapili, tarehe 9
Kanisani sikwenda. Tumezunguka tena, mimi na Baba Paulina. Vilivyopatikana tumevifukia kwenye shimo refu. Huenda vimebaki. Hatujui. Tumewatangazia watu wote wafunge mbwa na wachunge watoto. Amesema, nisamehe bibi. Nikamwambia leta miiba, tuimarishe zizi lako. Hiyo ndiyo dawa ya fisi.

Alhamisi, tarehe 13
Baridi. Zizi la jirani limezungushwa miiba.
Nimepika vitonge vingine. Maini nimeyaacha, nimetia dagaa. Ajifunze harufu mpya.
Nikaweka kimoja chini. Akalala, akasubiri. Tukatazamana, chai yangu ikapoa.
Halafu nikasema haya. Taratibu.
Akala.