Gitaa Lako la Stimu Liko Kwangu

Maganga, mtani wangu,

Anayeandika ni mimi mwenyewe, Ndahani, kwa mkono wangu. Sikwenda kwa karani wa sokoni. Herufi nilifundishwa darasa la ubatizo nikazishika kuliko wenzangu wote, na hilo unalijua maana nimekwambia mara nyingi. Kama mistari inapanda na kushuka, soma hivyohivyo. Wewe ulipokuwa hai jina lako lenyewe lilikutoa jasho, sasa utanicheka kwa lipi?

Tangu tukuzike, masika yamekuja na kwenda. Nyumba yako ya reli amepewa mtu mwingine, ana watoto wengi na wote wanalia. Sokoni watu wanaongea uhuru tu, kwamba Mwingereza ataondoka. Wengine wanasema karibuni, wengine wanasema bado. Mimi nasema aondoke asiondoke, Maganga harudi, kwa hiyo wasinipigie kelele.

Na nyumba yangu ya tembe imeanguka. Udongo wa juu ulilowa ukawa mzito, ukuta mmoja ukalala chini. Niliokoa magitaa kwanza, halafu blanketi, halafu sufuria. Binti yangu Perisi amekuja kutoka Msalato kunichukua nikakae kwake. Amenipa chumba kizuri, lakini nusu yake ni vilindo vya kuhifadhia uwele. Akaniambia, "Baba, kwangu kuna nafasi ya magitaa mawili. La tatu litalala na kuku." Nikamwambia Dodoma hii yote, Mwafrika wala Mgoa, hakuna mwenye magitaa matatu ila baba yako. Akasema, "Ndiyo, baba. Mawili." Umeona ukaidi huo? Sijui kautoa wapi.

Basi nikayalaza matatu kitandani nichague, na lile la tatu ndilo limenifanya nishike kalamu, maana ni lako.

Siku ya msiba wako niliifanya kazi ya utani kama inavyotakiwa. Mgogo amzike Mnyamwezi halafu anyamaze? Haiwezekani. Nilivaa kofia yako ya reli, nikachechemea kama wewe, nikalala mlangoni nikasema maiti haipiti, huyu mpagazi hajanibebea mzigo wangu wa chumvi. Watu waliokuwa wanalia wakacheka huku machozi yanatoka. Halafu nikaingia ndani nikalitoa gitaa lako la stimu, nikalivaa begani, nikatangaza kwamba nimeliteka, anayelitaka alikomboe kwa kuku. Si ndivyo tunavyofanya siku zote? Mtani anateka, wenye msiba wanakomboa, watu wanakula, mambo yanaisha.

Nikangoja. Hakuna aliyekuja. Nikasema labda wamechoka. Siku ya kuanua matanga nikaenda nalo, nikakaa mbele kabisa wanione. Mke wako akanijia, amefunga kanga zake vizuri, akanikalia karibu, akasema, "Hatukomboi, mtani. Mwenyewe alituambia akiwa kitandani. Alisema yule Mgogo mla mlenda akija kulichukua, mwacheni aende nalo, tuone atalificha wapi."

Maganga! Watu walicheka mpaka mama mmoja akaangusha sinia. Na mimi nimesimama pale na gitaa la stimu kifuani, mimi niliyeapa mbele ya watu wote wa klabu yetu ya muziki kwamba mkono wangu hautagusa kitu kile hata nikilipwa ng'ombe. Nilikuwa na jibu. Lilinijia pale pale, jibu zuri, la kukumaliza kabisa. Nikageuka nikupe.

We acha tu.

Unakumbuka ulivyolileta? Ulishuka kwenye treni ya Dar es Salaam umelikumbatia kama mtoto mchanga, jekundu, jembamba, halina hata tumbo. Nikakuuliza hili ni gitaa au ubao wa kukatia nyama. Ukasema, "Ngoja lipate stimu, Mgogo, utakimbilia porini." Jumapili ile pale klabu ukalichomeka kwenye spika, ukaligusa kwa kidole kimoja, na sauti ikajaza nyumba mpaka kwenye mabati. Nikakwambia, "Kweli ninyi ni wapagazi, hata sauti yenu mnaibeba kwenye sanduku." Ukanijibu kwamba gitaa langu linalia kama mbuzi aliyefungwa mbali na mama yake. Tukapiga pamoja, mbuzi wangu na sanduku lako, mpaka mlinzi akaja na funguo zake. Sikukwambia siku ile kwamba lilikuwa tamu. Na leo sikwambii.

Vijana wa klabu wamekuja kulitaka. Wana adabu sana. "Shikamoo mzee, wewe kwako hakuna umeme, gitaa linakaa bure. Tuachie sisi lisikike." Maneno ya kweli hayo, ndiyo maana niliwafukuza. Walipokwenda nikalichukua nikalipiga hivyohivyo bila stimu. Halitoi kitu. Sauti yake kama mdudu ndani ya kibiriti. Nikakaribia kuwaita warudi. Lakini nilipoinama nikaweka shavu kwenye ule ubao wake, Maganga, kumbe sauti imo. Yote imo mle ndani, inapita kwenye mfupa wa taya mpaka nyuma ya sikio, na mtu aliyekaa pembeni yako hasikii kitu. Perisi alinikuta hivyo mchana, akadhani jino linaniuma, akaniletea maji ya chumvi.

Basi Jumapili nikalibeba mpaka klabu. Nikawaambia vijana nichomekeeni, leo mtamwona fundi. Nikaanza wimbo wako, ule wa mke aliyekataa kupanda treni. Mkono wangu umezoea gitaa la boksi, unalipiga kwa nguvu ndipo likuitikie, nami nikapiga vivyo hivyo. Likapiga yowe! Mbwa wa nje wakabweka. Nikaanza tena, likapiga yowe tena. Wimbo ukanishinda katikati, pale vidole vinaposhuka.

Na unajua vijana walifanya nini? Walinipigia makofi. "Umejitahidi, mzee." Mmoja akaniletea kiti. Kiti! Hakuna aliyeniambia nimelichinja. Hakuna aliyeuliza kama nimekuja kupiga gitaa au kufukuza ndege shambani. Wewe ungesema hayo yote na mengine ya mama yangu juu yake, nami ningekurudishia, tungekuwa tumesahau wimbo. Niliangalia mlangoni muda mrefu, kana kwamba umechelewa tu kutoka kazini. Mji mzima sasa unaniamkia shikamoo. Hakuna wa kunitukana, na bila hilo sijui hata kama bado nipo.

Nimerudi nikayatazama magitaa yangu.

Lile dogo nililopewa na fundi Mgoa, lenye ufa wa kiangazi nilioziba kwa gundi ya ngozi, hilo nimekuja nalo Msalato. Usiniulize kwa nini. Ndilo lililonifundisha, na linanuka nyumba yangu.

Lile kubwa, la tumbo pana, nililouza maksai kwa ajili yake, ndilo lililonipa jina. Harusi za mtaa wa Kikuyu, harusi za Msalato, watu waliacha pombe wakaja kulitazama. Wewe mwenyewe ulilitamani, usikatae. Hilo nimewapa vijana wa klabu. Ndiyo, nimewapa, nimelipeleka kwa mikono yangu. Walilitaka lako, nikawapa langu. Nikawaambia hilo linahitaji watu wengi wa kulisikia, na ninyi mnao.

Perisi ameuliza, "Baba, umetoa zima linalosema, umebaki na bubu?" Nikamwambia funga mzigo, mama, twende. Angeelewa nini? Ningemwambia mzee mzima anataka kulaza shavu kwenye ubao wa mtu wa Tabora?

Hapa kwa Perisi, lako nimelitundika upande wa kichwa changu. Lile jingine liko upande wa miguu.

Sasa nisikilize, maana karatasi inaisha na vidole vimekauka. Umenishinda siku ya matanga mbele za watu, ukaondoka kabla sijajibu. Huo si uungwana. Kutoka Msalato mpaka klabu ni mwendo, lakini miguu yangu unaijua, hakuna kijana anayeniacha njiani. Nitakwenda kila Jumapili nichomeke stimu, mpaka mkono huu mkaidi ujifunze kugusa polepole, mpaka ule wimbo niushushe pale vidole vinaposhuka na kuumaliza. Nakuahidi, na mimi nikisema, jambo limekwisha.

Siku nikiumaliza nitakuja makaburini kukwambia. Sitakuletea pole, wala sala, hizo mke wako anakuombea za kutosha. Nitasimama pale juu yako nikutukane kwa Kigogo na kwa Kiswahili, taratibu, bila kuruka neno, na wewe utanyamaza mpaka nimalize.

Kaa vizuri huko, Maganga. Mimi bado nipo huku najifunza.

Mtani wako,
Ndahani